Breki Kwanza, Kona Baadaye

Gari langu lilizunguka mara mbili, likagonga ukuta wa matairi, likasimama likitazama nilikotoka. Ilikuwa mara ya nne alasiri ile, na mara zote nne palepale, kwenye kona tunayoiita Kiwiko.

"Kalala tena!" Shomari alipiga makofi kwenye kiti cha pembeni. "Mama Upepo, ule ukuta umekukosea nini?"

Mie si mwepesi wa kujibu. Nilibonyeza kitufe cha kuanza upya, nikafuta viganja kwenye sketi.

Kituo cha gemu cha binamu yangu Thuraya kiko Mwananyamala, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Kina viti vitatu vya mbio. Kila kiti kina skrini pana, pedali za chuma, na usukani wenye mota inayopigana na mikono yako. Gari lenyewe halipo, lipo ndani ya kompyuta tu, lakini anayekaa pale kwa mara ya kwanza huinuka amelowa jasho. Tairi likipanda ukingo wa barabara, usukani unatetemeka hadi mabegani. Tairi likianza kuteleza, usukani unalegea ghafla, kama mtu aliyekuwa amekushika mkono akauachia. Huo ulegevu ndio niliokuwa nauogopa. Pale Kiwiko ulinijia kila mara.

Mwisho wa mwezi Thuraya angepeleka timu ya watu wawili Arusha, kwenye mashindano ya vituo vya gemu. Kiti cha kwanza kilikuwa cha kaka yake, Yazid, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Muscat kwa ndugu zetu, na hilo halikuwa na ubishi. Kiti cha pili tulikuwa tunakigombea mie na Shomari. Tungekutana Jumamosi saa tisa, mizunguko kumi na mitano, wa kwanza kumaliza anakwenda. Leo ilikuwa Jumatatu.

Nilikitaka kile kiti. Naandika hivi kwa sababu sijazoea kusema. Nina stashahada ya usafirishaji, nilifaulu vizuri, lakini kwenye usaili wa kazi sauti yangu hugeuka ya mtoto wa chekechea. Shughulini mie ni wa jikoni au wa kupitisha sinia, mradi nisiulizwe kitu. Ila nikishakaa kwenye kiti cha Thuraya, hakuna anayeniangalia usoni. Wote wanaangalia barabara. Na pale barabarani mie si mwoga.

Jina la Mama Upepo sikupewa kwa dhihaka. Baba yangu, Mzee Zahor, ana duka la matairi Kurasini, karibu na yadi za makontena. Wateja wake ni semi zinazobeba mizigo ya bandari kwenda Tunduma na kuvuka mpaka. Baba anaamini jambo moja kuhusu matairi: likiwa gumu ndiyo limekaa sawa. Tairi lenye upepo mdogo linatanuka ubavu, linapata moto, linapasuka mlimani na dereva anakwenda nalo. "Jaza, baba, jaza," huwaambia mafundi tangu nikiwa mdogo wa kubebwa. Kwa hiyo siku nilipogundua kwamba gemu la Thuraya linakuruhusu kuchagua upepo wa matairi, sikufikiri hata dakika moja. Nilipandisha yote manne hadi mwisho wa kipimo, thelathini na tano.

Kwenye barabara iliyonyooka gari liliruka. Nikamwambia Shomari, naye akapandisha. Wateja wengine wakapandisha. Nani angembishia binti wa duka la matairi?

*

Jumanne asubuhi nilikuwa ofisini kwa Baba, nikipanga hati za mzigo, niliposikia fundi Farhan akiniita kutoka uani.

"Maisa, njoo uone kipara."

Alikuwa amesimamisha tairi la gari dogo, la mama mmoja aliyelalamika kwamba gari linateleza mvua ikinyesha. Farhan alipitisha kidole katikati ya tairi. Palikuwa laini kama sahani. Pembeni, kushoto na kulia, mistari ya tairi ilikuwa bado na kina, mipya kabisa.

"Mbona limelika katikati tu?" nikauliza.

Farhan aligeuka kuangalia dirisha la ofisi ya Baba, akashusha sauti. "Sie ndio tuliolijaza hili. Mzee akisema jaza, mie najaza. Semi najaza, gari dogo najaza, hata likija toroli nalijaza. Sasa ona. Limevimba. Linakanyaga chini kwa tumbo, mabega hayagusi lami."

"Lakini ya semi hayaliki hivi."

"Semi ina tani thelathini juu yake, dada. Ule uzito unalilaza tairi bapa. Huyu mama amebeba nini? Mkoba na mwavuli."

"Mnanong'ona nini hapo?" Baba aliita dirishani.

"Tunaangalia tairi, Baba."

"Limepungua upepo?"

Farhan aliuma midomo asicheke. Mie sikucheka, kwa sababu kichwani mwangu kulikuwa kumewaka taa. Kwenye kona ya skrini ya gemu huwa kuna michoro minne midogo, mmoja kwa kila tairi, na kila mchoro una vipande vitatu: ndani, katikati, nje. Rangi ya bluu ni baridi, kijani ni joto zuri, nyekundu limeungua. Matairi yangu siku zote yalikuwa mekundu katikati na bluu pembeni. Kwa miezi mitano nilidhani ni pambo.

Nilikuwa nashika kona kwa tumbo la tairi.

Sikumbuki nilivyofika Mwananyamala. Thuraya alikuwa anafagia ngazi, nikampita bila hata salamu, naye akabaki na ufagio hewani. Nilishusha upepo hadi ishirini na saba. Nikaingia barabarani.

Mzunguko wa kwanza nilikwenda polepole. Wa pili nikakaza. Kona ya kwanza gari liliingia na kukaa. Kona ya pili, vilevile. Usukani ulikuwa mzito mikononi, mzito wa raha, na kila nilipouzungusha nilihisi matairi ya mbele yakinivuta kuelekea nilikotaka. Vipande vyote vitatu vikawa kijani. Nilipiga kelele. Nilipomaliza mzunguko wa tano saa ya skrini ilisema nimepunguza sekunde moja na nusu nzima.

"Maisa?" Thuraya alikuwa amesimama nyuma yangu na ule ufagio. "Ndiwe uliyepiga ukelele, au kuna mtu mwingine humu?"

*

Jumatano niliamka na jiwe kifuani. Shomari bado alikuwa na thelathini na tano, na ni mie niliyempa.

Ningenyamaza tu, Jumamosi ingekuwa yangu. Hakuna ambaye angejua. Nilijiambia hivyo nikipiga mswaki, nikajiambia tena nikinywa chai, na kila nilipojiambia nilizidi kuona aibu. Saa nne nilikuwa Mwenge.

Shomari anaendesha kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, hubeba vinyago kutoka soko la wachongaji kwenda mahotelini. Nilimkuta anafunga kamba, twiga watatu wa mti wakichungulia juu ya bodi.

"He! Mama Upepo kaja kuniomba msamaha mapema!"

"Shomari, shusha upepo."

"Wa kirikuu?"

"Wa gemu. Weka ishirini na saba. Nilikuambia vibaya. Thelathini na tano ni ya gari lenye mzigo. Gari letu jepesi, tairi linavimba, linagusa chini katikati tu."

Aliacha kamba. "Ngoja. Siku tatu kabla ya fainali, mpinzani wangu anatoka kwao hadi Mwenge, juani, kuniambia nipunguze upepo. Sista, unanichezea akili."

"Jaribu mizunguko mitatu. Ukiona uongo, rudisha."

Alicheka kwa pua. "Wewe uongo huuwezi. Ungekuwa unadanganya masikio yangeshakuwa mekundu." Kisha akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Na kama ni kweli, kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu ni mie niliyekukosesha."

Alikaza kamba ya twiga wa mwisho, akanipa chupa yake ya maji ninywe.

Alhamisi alijaribu. Kufikia saa kumi na moja alikuwa ananizidi nusu sekunde kila mzunguko.

"Maisa, umerogwa?" Thuraya alinivuta hadi nyuma ya kaunta. "Umempa mwenyewe, kwa mikono yako!"

"Nimempa kilicho haki yake."

"Haki! Sasa nusu sekunde utaitoa wapi?"

Nilijua ilipo. Ilikuwa Kiwiko. Barabara inashuka, inanyooka, halafu inajikunja kulia kama mkono uliokunjwa, na ukitoka vibaya pale unabaki nyuma kwenye mnyooko wote unaofuata. Kwa upepo sahihi gari lilikuwa limeacha kuzunguka, lakini sasa lilifanya jambo jingine: nilikata usukani, nalo likaendelea kwenda mbele, kiziwi, hadi ukingoni.

Yazid alisimama nyuma yangu akila karanga. "Mbele inakukataa," akasema.

"Naona. Nifanyeje?"

"Usiilazimishe."

"Kivipi?"

Alitafuna akifikiri. Yazid ni dereva hodari na mwalimu mbaya. "Basi tu," akasema. "Unaisikiliza."

*

Ijumaa ilikuwa shughuli ya wanawake ya harusi ya Ibtisam, binti wa shangazi yetu, nyumbani kwao hapohapo Mwananyamala. Sebule ilijaa, uani kulijaa, na kati ya jiko na sebule kuna ujia mrefu unaoishia kwenye kona kali ya mlango. Mie nilikuwa kwenye masinia, kama kawaida. Glasi kumi na mbili za juisi ya ukwaju, unakwenda, unarudi na tupu, unabeba nyingine.

Mbele yangu alikuwa Munira, mdogo wake Ibtisam, amevaa viatu vya kisigino vilivyomzidi nguvu. Alifika mlangoni kwa kasi, akajizuia, akageuka, na glasi zote zikamwaga juisi upande mmoja, kwenye zulia na kwenye gauni la mama mmoja wa Temeke.

"We mtoto!" Bi Mwajabu, shangazi yetu mkubwa, alisikika kutoka jikoni. "Unageuka huku unasimama? Punguza kwanza ungali umenyooka, ndipo ugeuke! Juisi haiwezi kwenda mbele na pembeni kwa pamoja ikabaki kwenye glasi!"

Nilisimama katikati ya ujia.

Nimepitisha masinia tangu nikiwa na miaka tisa. Sijawahi kumwaga. Na sikuwa nimewahi kujiuliza miguu yangu inafanya nini. Nikarudi nyuma hadi mlango wa jikoni, nikaanza tena kwa haraka. Hatua tatu kabla ya kona nikapunguza, nikiwa nimenyooka: juisi ikainama mbele, ikarudi. Nikaanza kugeuka, na kadiri nilivyogeuka ndivyo mwili wangu ulivyoacha kujizuia, taratibu, kidogokidogo, hadi katikati ya kona nilikuwa sijizuii tena hata kidogo, nageuka tu. Kisha bega likanyooka na hatua zikarefuka zenyewe. Hakuna tone.

Tairi nalo ni vilevile. Lina nguvu moja, basi. Ukiitumia yote kwenye breki, haibaki ya kugeukia. Mie nilikuwa nafika Kiwiko nikikandamiza breki hadi chini na kukata usukani papo hapo, halafu nalilaumu gari kwamba halisikii. Lingesikia kwa nguvu ipi?

Niliurudia ule ujia mara nne. Mara ya tano sikuwa hata na glasi juu ya sinia.

"Jamani," mama mmoja akauliza, "bibi harusi ni Ibtisam au huyu anayepita na sinia tupu anacheka peke yake?"

*

Jumamosi saa tisa watu walijaa hadi kwenye ngazi. Thuraya alitutengenezea viti viwili kati ya vile vitatu. Upepo sawa, gari sawa, mafuta sawa. Shomari alinipa mkono.

"Nikifika Arusha nitakuletea picha ya mlima," akasema.

Taa tano ziliwaka nyekundu, zikazimika.

Aliniacha tangu mwanzo. Shomari anaendesha kama anavyoongea, kwa fujo na kwa raha, na mizunguko mitano ya kwanza alikuwa mbele yangu sekunde mbili nzima. Watu walikuwa upande wake, wanapenda fujo. Mie nilikuwa nimeng'ang'ania jambo moja: breki mapema, nikiwa nimenyooka. Kisha kulegeza mguu huku nageuka. Kisha kungoja. Kungoja ndiko kugumu. Mguu wa kulia unawasha kukanyaga mafuta, nawe unauambia bado, bado, usukani ufunguke kwanza, uanze kurudi kunyooka. Na ukifunguka, unakanyaga, na gari linatoka kwenye kona kama limerushwa.

Mzunguko wa nane nilikuwa nyuma yake sekunde moja. Wa kumi, nusu.

Kwenye skrini yake, kwa pembe ya jicho, niliona matairi ya mbele ya Shomari yamekuwa mekundu, vipande vyote vitatu. Alikuwa anaingia kila kona kwa breki na usukani pamoja, anayasugua, na matairi hayakuwa na muda wa kupoa. Yangu yalikuwa kijani.

Mzunguko wa kumi na mbili gari lake lilikataa kugeuka pale Kiwiko, likaenda pana hadi ukingoni. Mlango wa kumpita ulikuwa wazi, upana wa lori.

Sikuingia.

Mie ni mtu wa kumpisha mwenzangu mlangoni. Niliona anahangaika, mguu wangu ukainuka wenyewe, na akarudi barabarani mbele yangu.

"Maisa!" Thuraya alipiga kaunta. "Unampisha nani? Hii ni foleni ya hospitali?"

Watu waliangua kicheko. Masikio yakanichoma. Nikaona Shomari naye anacheka, akasema bila kugeuka, "Asante, sista, karibu Arusha mwakani."

Hapo nikakasirika, na si kwa sababu yake. Nilikuwa nimemtendea haki Jumatano, tena nikatembea juani kumtendea. Leo sikuwa na deni naye lolote. Kumpisha sasa haikuwa huruma, ilikuwa woga uliovaa kanga ya huruma.

Mzunguko wa kumi na tatu alinifungia njia upande wa ndani wa kona. Wa kumi na nne alifunga tena, akachelewa breki hadi watu wakashika vichwa, akabaki mbele. Tukavuka mstari kuingia mzunguko wa mwisho, pua ya gari langu imekaribia kugusa taa zake za nyuma.

Kona ya kwanza, ya pili, daraja, mteremko. Kiwiko.

Alikaa ndani, alijua nitajaribu huko. Nikamwachia ndani yote. Nikavuta gari upande wa nje wa barabara, nikapiga breki mapema kuliko mara zote, mapema mno, hadi nikasikia mtu nyuma akisema "amekata tamaa huyo." Gari la Shomari liliniacha likizama kwenye kona kwa kasi ambayo matairi yake hayakuiweza tena. Mie nilikuwa nimeshapunguza. Mguu ukalegea kwenye breki, mkono ukageuka, na ule uzito mtamu ukaja usukanini, matairi yote manne yamekaa chini, mabega na tumbo. Nikangoja. Mbele yangu Shomari alikuwa amekata usukani hadi mwisho na gari lake bado linakwenda mbele, kiziwi, likifungua barabara taratibu kama pazia.

Bado.

Bado.

Usukani ukafunguka. Nikakanyaga.

Nilimpita ndani wakati yeye bado anatafuta pa kukanyagia. Mnyooko ulikuwa mrefu, naye alikuja, alikuja kweli, nilisikia injini yake kwenye sikio la kushoto, na kelele za watu zikafunika hata injini. Mstari ulipita chini yangu. Skrini ikaandika majina: Maisa, juu. Shomari, chini, nyuma kwa sehemu mbili za kumi za sekunde.

Thuraya alinikumbatia pamoja na kiti. Yazid alimwaga karanga. Mtu aliyekuwa ngazini akauliza nani kashinda, na watu saba wakamjibu kwa pamoja. Mie nilibaki nimeshika usukani, nacheka na machozi yananitoka, na gari langu bado linatembea kwenye skrini kwa sababu hakuna aliyelisimamisha.

Kisha gari la Shomari likaja kando yangu, polepole. Akawasha taa zake za mbele mara mbili.

"Umenipitia wapi?" akauliza. Hakuwa anatania.

"Kiwiko. Ulikuwa bado unapiga breki."

"Nilikuwa nageuka."

"Vyote viwili."

"Nionyeshe," akasema. "Polepole. Mie nakufuata."

Nikatangulia. Kona ya kwanza, ya pili, daraja. Kwenye mteremko nikaanza kumwelekeza kwa sauti, mbele ya watu wote wale, wala sikuona tabu.

"Breki sasa. Kanyaga kweli, ungali umenyooka. Usigeuke. Usigeuke, Shomari! Haya, anza kugeuka, na mguu uulegeze, kidogokidogo, zaidi, zaidi, achia... ngoja kwanza..."

"Nangoja!"

"Usukani umefunguka?"

"Umefu... loo!" Gari lake lilichomoka kwenye kona nyuma yangu kama limesukumwa na mkono. "Limekaa! Nyie, limekaa! Mbona hamkuniambia jamani?"

"Haya, mashindano yameisha," Thuraya alisema, akipiga makofi. "Shukeni, kuna watu wanasubiri viti."

Hakuna aliyeshuka. Kona ya kwanza ilikuwa inakuja tena, na Shomari alikuwa ameshaanza kuvuta nje.